Nyumba Nyembamba, Giza Mchana: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubomoa

Ploti za Kampala na vitongoji vyake zinazidi kukatwa. Kiwanja kilichokuwa futi 50 kwa 100 kinagawanywa urefu, labda kwa warithi wawili, labda kwa mnunuzi ambaye mfuko wake ulitosha nusu, na kila mmoja anabaki na futi 25 kwa 100. Kwa mita ni 7.6 upana na 30.5 urefu, desimali tano na robo tatu hivi (desimali ni sehemu ya mia ya eka). Juu ya kipande hicho mtu anataka nyumba ya kisasa: kuta nyeupe, vioo vipana, paa lisiloonekana kutoka barabarani. Anaipata, anahamia, na muda si mrefu anaanza kumpigia simu aliyeichora.

Malalamiko hufanana kutoka Kyanja hadi Namugongo. Ndani ni giza, au tunaonekana, au vyote viwili kwa pamoja. Wengi huyachukulia kama matatizo mawili yanayovutana: ukifungua dirisha upate mwanga unampa jirani nafasi ya kuchungulia, na ukilifunga ujisitiri unakaa gizani. Mimi naona chanzo ni kimoja. Nyumba imetafuta mwanga pembeni, upande wa jirani, wakati kiwanja kina mbingu yake yenyewe juu. Kwenye ploti nyembamba dirisha la pembeni huleta macho ya watu na mwanga hauji.

Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona, unarudi nyuma hadi chanzo, kisha unasema la kufanya kama nyumba imekwisha kujengwa na kama bado iko kwenye karatasi.

Vipimo vya kufanya kwanza

Zima taa zote saa saba mchana, fungua mapazia, zunguka chumba kwa chumba. Nasema saa saba kwa sababu saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia, na Kampala iko nyuzi 32 na nusu. Jua letu hufika juu kabisa karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Chumba ambacho ni kiza wakati huo hakina saa nyingine ya kukiokoa.

Kipimo cha pili ni kiti. Weka kiti pale unapokaa kila siku, kaa, tazama dirishani. Je, unaona hata kipande cha mbingu? Ukiona ukuta mtupu, umeshapata nusu ya jibu.

Cha tatu kinafanywa usiku. Washa taa, mwache mtu ndani, wewe toka nje utembee: getini, kichochoroni, nyuma kwenye vyumba vya wapangaji kama unavyo. Ikiwezekana omba ruhusa usimame kwenye roshani ya jirani dakika mbili. Watu huona aibu kuomba. Waombe tu, kwani jirani huwa tayari anajua anachokiona.

Dalili: taa inawaka saa saba mchana

Hii ndiyo inayoleta simu nyingi, na vyanzo vyake vinafichana.

Kama kwenye kiti hukuona mbingu, tatizo ni ukuta ulio mbele ya dirisha. Tuseme umeacha mita moja upande wako na jirani ameacha mita moja upande wake, na nyumba yake ya ghorofa moja ina ukuta wa mita 6. Dirisha lako linaishia kwenye lenta, boriti iliyo juu yake, mita 2.1 kutoka sakafuni. Chora mstari kutoka ukingo wa juu wa ukuta wake, upite juu ya dirisha lako, ushuke hadi kimo cha meza, sentimita 80. Utagusa pale ndani ya sentimita 70 tu kutoka dirishani. Kuanzia hapo kwenda ndani chumba hakioni mbingu kabisa, kinaishi kwa mwanga uliogonga ukuta wa jirani ukarudi. Unaweza kupanua dirisha hilo hadi likamaliza ukuta mzima, mstari ule hautasogea, maana kinachouamua ni kimo cha dirisha na umbali wa ukuta. Ukipandisha kichwa cha dirisha hadi mita 3 unapata mita moja na nusu. Ni nafuu, lakini bado ni kidogo.

Sasa linganisha na dirisha linalotazama ua wako wa ndani wenye upana wa mita 3, ng'ambo yake kuna chumba cha chini chenye ukuta wa mita 3, na kichwa cha dirisha kiko mita 2.4. Mstari uleule unaingia mita 8. Kiwanja ni kilekile na pesa ya dirisha ni ileile.

Kwa hiyo, kama bado unachora, hesabu vichochoro vyako. Nyumba ya urefu wa mita 18 yenye kichochoro cha mita moja kila upande imetupa mita za mraba 36 kwenye mapito ambayo baadaye yataezekwa mabati yawe stoo ya mkaa. (Na yakishaezekwa, hata ule mwanga wa kurudishwa na ukuta umekufa. Ukikuta hali hiyo kwako, anza kwa kung'oa hayo mabati. Hakuna tiba rahisi kuliko hiyo.) Kichochoro kimoja cha mita 1 kwa 18 kina ukubwa sawa na ua wa mita 3 kwa 6 katikati ya nyumba. Ukiruhusiwa kusogeza ukuta mmoja hadi mpakani, bila tundu lolote upande huo na bila maji ya paa kudondokea kwa jirani, unahamisha nafasi ile iliyokufa ukaifanya moyo wa nyumba. Ruhusa hiyo si ya kujipa mwenyewe: umbali wa kuacha kutoka mpakani unaulizwa ofisi ya mipango miji ya eneo lako, na ndani ya jiji ni KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Wakikataa, acha vichochoro vyako, uvitumie kwa madirisha ya bafu na kupitisha hewa, na ua uukate ndani ya nyumba hivyohivyo. Utapoteza chumba kimoja. Naamini chumba hicho kingekuwa cha giza.

Nyumba iliyokwisha kujengwa haihamishwi ukuta, ila inaweza kutobolewa juu. Siku ya mawingu, na sisi tuna mawingu ya kutosha Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mbingu iliyo juu ya kichwa hung'aa karibu mara tatu ya ile ya karibu na upeo. Dirisha dogo la paani linaleta mwanga ambao dirisha kubwa la ukutani haliwezi kuuleta. Lakini tuko kwenye ikweta, na jua hupita juu yetu mwaka mzima, kwa hiyo kioo kilicholala bapa kinageuza chumba kuwa tanuri. Simamisha kioo. Inua sehemu ya paa, weka madirisha ya wima yanayotazama kaskazini na kusini, uyape upenu. Kampala iko sehemu ya tatu tu ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta, hivyo mchana wa Juni jua huelemea kaskazini kwa nyuzi 23, na Desemba kusini kwa karibu 24. Upenu wenye urefu wa kama sentimita 45 kwa kila mita ya kimo cha dirisha unalikinga jua la mchana kati pande zote mbili. Asubuhi na jioni litapenya kidogo. Ukitaka kuona nyumba iliyopangwa itumie mwanga wa asili na upepo bila haraka, pita kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kitante, lililochorwa na msanifu Ernst May; makumbusho yalihamia hapo mwaka 1954. Jengo ni la umma na ploti yake si nyembamba, lakini somo la mwanga ni lilelile.

Ukitoboa paa la mabati, pitisha tundu kati ya kenchi na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Usimruhusu fundi akate ubao wa chini wa kenchi "kidogo tu". Kama juu yako kuna zege, simama, mtafute mhandisi.

Sasa tuseme kwenye kiti mbingu unaiona na chumba bado ni kiza. Hapo angalia kina cha chumba. Mwanga wa dirisha la upande mmoja hufaa hadi mara mbili au mbili na nusu ya kimo cha kichwa cha dirisha. Lenta ya mita 2.1 inakupa mita 4 na kitu, labda 5, wakati sebule na meza ya chakula zilizounganishwa zimekwenda mita 8. Wengi wameongeza na dari ya jipsamu yenye ngazi, ikashuka hadi kugusa fremu. Dari hiyo ikitolewa, na dirisha likapandishwa hadi chini ya boriti, unaona tofauti siku hiyohiyo.

Kisha kioo. Kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha karibu asilimia 88 ya mwanga. Kile cha kijivu au cha kahawia kinachopendwa madukani hupitisha karibu nusu, na vile vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia hupitisha pungufu zaidi. Mtu ananunua dirisha la mita mbili halafu analipa fedha zaidi lifanye kazi ya dirisha la mita moja. Kisha rangi: dari nyeupe inarudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoigusa, tofali jekundu robo hivi, mbao nyeusi sehemu ya kumi. Kama huna pesa ya jambo lingine lolote mwezi huu, paka rangi nyeupe ukuta wa uzio unaotazama dirisha lako, upande wako, na dari ya chumba hicho.

Dalili: mbele kunang'aa, nyuma kama pango

Hapa kioo kipana cha barabarani ndicho kinachodanganya. Jicho linajipima kwa pale penye mwanga mkali, na sehemu ya nyuma, ambayo peke yake ingeonekana sawa, inaonekana nyeusi. Mwenye nyumba anaongeza dirisha la mbele na hali inazidi. Peleka mwanga nyuma: dirisha la juu au la paani linaloangukia ukuta wa mwisho wa chumba, na ukuta huo uwe mweupe. Mbele punguza kioo au kifunike kwa pazia jepesi.

Dalili: mapazia hayafunguliwi kamwe

Kabla ya kununua kitu chochote, jibu swali moja: nani anakuona, na kutoka wapi? Watu husema "faragha" kana kwamba ni bidhaa moja. Anayepita barabarani, jirani wa chini, jirani wa ghorofani, mgeni aliyekaa sebuleni kwako na mpangaji wa vyumba vya nyuma, kila mmoja anakingwa kwa njia yake.

Mpita njia na jirani wa chini ni wepesi. Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Dirisha ambalo kizingiti chake kinaanza mita 1.8 linaleta mwanga na hewa, na hakuna anayechungulia bila kupanda kitu. Chumba cha kulala kinachotazama kichochoro kinafaa kuwa na dirisha refu la mlalo la namna hiyo chini ya dari. Tahadhari: usilifanye ndilo dirisha pekee. Chumba cha kulala kinahitaji pia mahali pa mtu kutokea moto ukiwaka, na grili isiyofunguka kwa ndani ni hatari kuliko macho yoyote ya jirani.

Jirani wa ghorofani ndiye mgumu, hasa kwenye miteremko ya Muyenga, Buziga au Naguru, ambako nyumba ya juu inakuona kama mtu anayetazama sahani ya chakula. Ukuta mrefu wa uzio hausaidii, maana anatazama kwa kushuka. Unachohitaji kiko juu ya kichwa: vibao vya mlalo juu ya ua, vimeinamishwa ili vizuie mstari wa kutoka kwake na viache wazi upande wa mbingu. Simama kwake kama ulivyosimama kwenye kipimo cha tatu, piga picha, kisha elekeza vibao kwa kufuata picha hiyo. Miti pia ni jibu, na mwashoki unapendwa kwa sababu unakwenda juu bila kutanuka. Usiupande karibu na shimo la maji taka wala msingi.

Upande wa barabara napenda matofali ya matundu. Tundu ambalo kina chake ni sawa na upana wake linakata macho ya yeyote anayetazama kwa pembe iliyozidi nyuzi 45, na mtu anayetembea barabarani karibu wakati wote anatazama kwa pembe. Hewa inaingia, mwanga unaingia umevunjika vipandevipande, na mwizi ana kazi ya kufanya.

Halafu kuna kosa la kioo cha kujificha. Hajati mmoja wa Bombo aliweka vioo vinavyong'aa nyumba nzima, mchana hakuna aliyemwona, akaridhika, akatoa mapazia. Vioo vile humficha aliye upande wenye mwanga mdogo. Jua likizama, taa zikawashwa, mambo yanageuka: ndani kuna mwanga, nje kuna giza, na familia nzima iko kwenye sinema. Dalili yake ni kwamba usiku ukitazama dirishani unajiona mwenyewe na nje huoni kitu. Hakuna dawa ya kioo hapo, pazia zito linarudi. Na kama pazia linarudi, hakukuwa na haja ya kulipia giza la mchana.

Mgeni naye husahaulika, ingawa kwa familia zetu nyingi ndiye anayesumbua kuliko jirani. Mlango wa mbele unafunguliwa na aliyesimama nje anaona moja kwa moja sebule, meza, korido, hadi mlango wa chumba cha kulala. Kwenye nyumba ya upana wa mita tano, mstari huo hutokea wenyewe usipouvunja kwa makusudi. Mafundi wa Lamu walilimaliza jambo hili karne nyingi zilizopita. Unaingia dakani, penye mabaraza ya mawe pande mbili ambapo mgeni wa shughuli fupi hukaa na kuondoka, kisha tekani, ambapo njia inapinda. Mlango ukiachwa wazi, mpita njia haambulii kitu zaidi ya ukuta. Mwanga unashuka kiwandani, yaani ua wa ndani usioezekwa, na vyumba vinaufuata huko. Mitaa yao ni myembamba, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na hakuna anayemwona mke wa mtu. Hata huku kwetu, maduka ya zamani ya Wahindi kwenye barabara kuu ya Jinja, duka mbele na familia nyuma, yalipumua kupitia ua. Vijana wanaoniletea picha za nyumba za ng'ambo kwenye simu wangetembea Jinja kwanza.

Kwenye nyumba iliyokwisha, ukuta mfupi wa kusimama ndani ya mlango, mita moja na nusu kwenda upande, unatosha kupindisha njia. Usiufikishe darini, uache mwanga upite juu yake.

Dalili: ua upo, na haukusaidia

Chini ni kiza. Pima upana na kimo. Mita 1.2 kati ya kuta za mita 6 ni bomba la moshi, na mwanga unachoka kabla ya kufika sakafuni. Kanuni ninayoitumia ni upana usiopungua nusu ya kimo cha kuta. Ghorofa upande mmoja na chumba cha chini upande wa pili ni bora kuliko ghorofa pande zote. Ukishabanwa na bomba la moshi, lipake nyeupe hadi chini, weka changarawe au vigae vyepesi sakafuni, na chumba cha chini ukifanye bafu au stoo.

Unajaa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ua wa mita 9 za mraba ukipokea pia paa la mita 60 linaloinamia ndani, mvua ya milimita 50 inaleta lita 3,450, na mvua kama hiyo Kampala haishangazi mtu. Elekeza paa nje au kwenye gata linalopeleka tangini, ua ubaki na mvua yake tu. Sakafu ya ua ishuke sentimita 15 chini ya sakafu ya nyumba, iinamie kwenye chujio, na bomba la kutoa lisiwe chini ya milimita 100. Ikiwezekana weka la pili, kwa siku ambayo la kwanza limezibwa na jani la mwembe.

Unaleta mwizi. Ni kweli, anayepanda paa anashukia katikati ya nyumba. Nondo za mraba juu ya ua, kwenye kimo cha paa, zipakwe nyeupe zisile mwanga, na mmea wa kutambaa uzifunike nusu. Mbu wazuiwe kwenye madirisha ya vyumba. Wavu juu ya ua mzima huziba kwa vumbi la murram ndani ya kiangazi kimoja.

Unapiga kelele. Kuta nne ngumu zinatupiana sauti. Lipu ya mikwaruzo na mimea hupunguza.

Dalili: kuanzia saa tisa alasiri chumba hakikaliki

Tafuta dirisha la magharibi. Upenu hauna nguvu pale, jua limeshuka na linaingia chini yake. Kinachosaidia ni kitu cha wima nje ya kioo: mbao za kusimama, matofali ya matundu, mti. Pazia la ndani linazuia mwanga wakati joto limeshaingia. Kwenye mchoro, peleka magharibi ngazi, vyoo na stoo. Ploti inayolala mashariki hadi magharibi ina bahati, kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini, ni nyuso fupi tu za kulinda. Inayolala kaskazini hadi kusini ina kuta ndefu kwenye jua, lakini mara nyingi nyumba ya jirani inakuwa kivuli chako bila kukutoza.

Dalili: hewa nzito asubuhi, ukungu mweusi kwenye kona

Nyumba za zamani za Uganda zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Mtindo mpya umeyafuta kwa kuwa "yanaharibu sura". Usiku madirisha yanafungwa kwa hofu ya mbu na wezi, watu wanne wanapumua, mvuke hauna pa kwenda. Rudisha matundu, weka wavu wa mbu, na yawe pande mbili za chumba: moja chini upande wa kichochoro, jingine juu upande wa ua, hewa ya moto ipande na kuvuta ya baridi. Kama ukungu uko chini ya ukuta na si kwenye kona ya dari, huo ni unyevu wa ardhini, hasa penye ukuta uliochimbwa ndani ya mteremko, na matundu hayatausaidia.

Dalili: madoa ya maji kwenye dari, kando ya ukuta wa paani

Paa lililofichwa si bapa. Ni mabati ya kawaida yaliyolala nyuma ya ukuta, na maji yake yote yanaishia kwenye gata la ndani. Gata likizibwa, maji hayana njia ila ndani ya nyumba. Gata liwe pana kiasi cha mtu kusimama na kufagia, liwe na matoleo mawili au zaidi, na tundu la dharura lililotoboka hadi nje, chini kidogo ya ukingo wa ndani wa gata. Siku utakapoona maji yanamwagika kwenye tundu hilo utajua toleo limeziba, na dari itakuwa kavu. Safisha mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Agosti.

Dalili: nyumba ilikuwa nzuri, kisha jirani akapandisha ghorofa

Hii haina dawa ya bei nafuu baada ya kutokea, kwa hiyo itibiwe kwenye mchoro. Usikubali kulipia ramani ya sakafu peke yake. Dai mchoro wa mkato, nyumba imekatwa kama mkate kutoka ukuta wa uzio hadi ukuta wa uzio, na majirani wote wawili wamechorwa wakiwa na ghorofa hata kama leo upande mmoja ni shamba la matoke. Kwenye mkato huo msanifu achore mistari ya macho kutoka madirisha ya juu ya majirani na mstari wa mbingu kwa kila chumba unachokalia mchana. Chumba ambacho mstari wake hauingii hata mita moja kipewe ua, au paa lililoinuliwa, au kibadilishwe kazi.

Mchoro huohuo utauhitaji kwenye kamati ya majengo, maana Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya ujenzi. Kwa marekebisho madogo kama kuinua paa au kuhamisha dirisha, uliza kabla fundi hajashika nyundo. Sebule ukiipeleka juu ili ipate mbingu, jambo ambalo kwenye ploti hizi ninalipendekeza mara nyingi, acha chini chumba kimoja chenye choo chake, kwa ajili ya mama au mzee atakayekuja kutoka kijijini na ambaye ngazi hazimfai tena.